Ororo na Mvua ya Mawe

Nilianza kumsoma Storm nikiwa na miaka ishirini na nne, naye akiwa anakaribia hamsini. Binamu yangu aliacha flashi kwenye saiba ninayofanya kazi hapa Kapkatet, akaniambia nimwekee filamu fulani. Nilipoifungua nikakuta folda imeandikwa "Ororo" tu. Ndani kulikuwa na komiki zaidi ya mia moja, zimepangwa mwaka kwa mwaka. Filamu sikuweka. Siku hiyo mvua ilianza saa nane mchana, stima ikapotea, wateja wakaisha, nikasoma kwenye laptopu mpaka betri ikakata. Nikahamia kwenye simu.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa komiki. Kama wengi wa umri wangu, nilikua na Shujaaz, lile gazeti la Sheng lililoanza kutolewa bure mwaka 2010, na Supa Strikas zilizokuwa zikipita mikono darasani hadi jalada linatoka. Shujaa wa Shujaaz hana nguvu zozote. Ana simu, ana redio ya kujitengenezea chumbani, na ana shida kama zako. Kwa hivyo mambo ya mtu kuruka angani na kapa mgongoni nilikuwa nimeyaachia sinema. Na huko sinema Storm nilimwona, kwenye filamu ya X-Men ya mwaka 2000, ambamo kazi yake kubwa ni kugeuza macho yawe meupe halafu kusimama nyuma ya wanaume.

Kilichonishika kwenye flashi ni neno moja lililoandikwa kwenye kisanduku cha juu cha ukurasa: Kenya.

Kama hukujua, Storm ni Mkenya. Nusu, tuseme. Mamake, N'Daré, ni binti wa ukoo wa kifalme kutoka Kenya. Babake, David Munroe, ni mpiga picha Mmarekani mweusi. Alitokea mara ya kwanza mwaka 1975 katika toleo la Giant-Size X-Men nambari 1, lililoandikwa na Len Wein na kuchorwa na Dave Cockrum. Profesa Xavier anazunguka dunia akikusanya watu waliozaliwa na nguvu zisizo za kawaida, anaokota mmoja Ujerumani, mwingine Japani, mwingine Urusi. Na anafika kwetu pia.

Tukio lenyewe ni fupi sana. Kuna ukame. Wanakijiji wamekuja kumwomba mwanamke anayewaongoza mawingu. Nywele zake ni nyeupe, ndefu, na ndizo nguo pekee alizonazo. Anainua mikono, anga linajibu, mvua inanyesha. Kisha Xavier anatokea na kumwambia kwamba yeye si mungu, ni mtu mwenye kipawa cha kuzaliwa, na kwamba kuna dunia kubwa zaidi inayomhitaji. Anakubali. Kurasa chache tu na kesha ondoka. Anaenda New York, na toleo linasonga mbele kwa kasi kwa sababu kuna kisiwa kinachokula watu kinachosubiri kupigwa.

Nilirudi nyuma nikausoma tena ule ukurasa. Nikavuta picha kwa vidole viwili niwaone wale waliokuja kuomba. Hawana majina. Hakuna hata mmoja anayeuliza, sasa wewe ukienda, sisi je?

Wacha nikueleze kwa nini swali hilo lilinikaba, na hapa itabidi tutoke kwenye komiki kidogo. Kapkatet iko kwenye barabara ya Kericho kwenda Sotik, ukishapita Litein. Tunachuma chai. Na mtu wa chai haogopi ukame peke yake. Anaogopa mvua ya mawe. Upepo unaotoka ziwani hupanda hadi huku juu, mawingu hujengeka mchana, na ikifika alasiri unasikia kitu kama mtu anamwaga kokoto juu ya mabati. Kericho inashikilia rekodi ya dunia, siku 132 za mvua ya mawe katika mwaka mmoja. Hiyo ndiyo sifa yetu ya kimataifa, mbali na wakimbiaji. Miaka ya 1960 kulifanywa hata majaribio ya kurusha roketi za baruti mawinguni kuzunguka mashamba haya ili kuyavunja mawe yakiwa bado huko juu. Hebu fikiria: mwandishi wa New York anabuni mwanamke Mkenya wa kutawala hali ya hewa, na miaka kumi tu kabla yake, Kenya hii hii, watu walikuwa wakiyapiga mawingu kwa roketi kwa ajili ya majani chai.

Mvua ya mawe ikipita shambani kwetu dakika kumi, majani yanabaki kama yametafunwa na mbuzi. Unakaa wiki kadhaa bila kuchuma. Tukiwa watoto mama alifunika kioo kwa leso, akatukataza kuvaa nyekundu, tukakaa kimya tukihesabu. Hatukuwa tunahesabu radi. Tulikuwa tunahesabu karo.

Nilimwonyesha mama ule ukurasa jikoni, akichambua saga. Aliangalia simu kwa muda.

"Huyu msichana hana nguo?"

"Ndivyo walivyomchora, Mama."

"Na anawaletea mvua?"

"Ndiyo. Halafu anaenda Marekani."

"Na mvua ya hao watu?"

"Haisemwi."

Akarudisha simu. "Basi hiyo stori haijaisha," akasema, akaendelea na mboga.

Sijasoma uhakiki wa Storm ulio mfupi na wa kweli kuliko huo.

Sitaki kuwa mwanahabari wa makosa madogo, lakini yapo na yanachekesha. Komiki zinasema aliishi ujana wake Serengeti, mara Kenya, mara Serengeti, kana kwamba ni kitu kimoja. Serengeti iko Tanzania. Ya kwetu inaitwa Mara, hapo chini tu, ukishuka kupitia Bomet. Mamake ni binti wa mfalme, lakini wa kabila lipi? Sisi Wakipsigis hatukuwa na wafalme hata kidogo, na majirani zetu wengi hivyo hivyo. Jina Ororo linaelezwa kwamba maana yake ni urembo. Kwa Kiswahili, kitu chororo ni kitu laini, kisichoumiza mkono. Na nyororo ni mnyororo pia. Mwandishi mjanja angeweza kufanya kitu kikubwa na hilo: mwanamke anayeogopa kufungiwa, ambaye jina lake mwenyewe limebeba ulaini na pingu. Hakuna aliyeangalia kamusi. Na huku kwetu jina la msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha lipo tayari, halihitaji kubuniwa: Cherop, au Jerop. Kila darasa nililosoma lilikuwa na mmoja au wawili. Hakuna aliyeruka.

Halafu nikakutana na Ainet.

Ainet ni mwanamke mzee wa huku Kenya anayempokea Ororo msichana, akamlea na kumfundisha kwamba nguvu zake zina deni. Ni mhusika mdogo, ukikohoa amepita. Lakini nilipoona jina hilo nilisimama kabisa. Kwa Kikipsigis, ainet ni mto. Ndilo neno lililo ndani ya Ainabkoi. Siamini kwamba waandishi walikusudia. Nadhani waliunga silabi mbili zilizosikika za Kiafrika wakaendelea na kazi. Hata hivyo, msichana wa mvua analelewa na mto, na mtu pekee anayeweza kulisikia hilo ni msomaji wa huku. Nilifurahi kijinga. Ni kama kusikia mtu akiita jina lako kwenye stesheni ya mji usiojulikana, hata kama anamwita mwingine.

Sasa nije kwenye jambo ambalo komiki hizi zinajivunia zaidi. Mfululizo wa X-Men unajulikana kwa wazo moja: kuna watu waliozaliwa tofauti, na serikali na majirani wanawaogopa, wanawaandikisha, wanawawinda. Lakini kwa Storm wazo hilo linagawanywa kijiografia. Marekani ndiko wenye nguvu wanakochukiwa, na ndiko kwenye siasa na drama. Kenya ni mahali pa kupigiwa magoti. Huku watu hawana serikali, hawana sheria, hawana wivu. Wana ukame na heshima tu.

Mtu yeyote wa Kericho angewaambia vingine. Wakipsigis walikuwa na ukoo wa Talai, ukoo wa akina orkoiyot, watu walioaminiwa kuwa na uwezo wa kuona yajayo na kubariki au kulaani. Waliheshimiwa na waliogopwa, yote kwa pamoja, na majirani zao wenyewe. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahususi ya kuwaondoa, ikawahamisha familia kwa familia hadi Gwassi, kule karibu na Ziwa Victoria, mbali na watu wao. Wajukuu wao bado wanadai ardhi na fidia. Hiyo ni hadithi ya X-Men kamili: watu wanaosemekana kuzaliwa na kipawa, sheria iliyoandikwa kwa ajili yao peke yao, na kambi. Haikuhitaji kubuniwa, na ilitokea kwenye vilima ambavyo mchoraji alivijaza twiga. Storm angekuwa Mkenya wa kweli, asingeondoka kwa mwaliko wa profesa. Angeondoka kwa lori la serikali.

Nikasema basi, nimemaliza na huyu dada. Lakini niliendelea, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mvua haikuacha. Ya pili ni Chris Claremont.

Claremont alichukua uandishi baada ya Wein na akakaa na X-Men miaka kumi na sita. Ana maneno mengi, Mungu wangu. Kuna visanduku vinavyoeleza kile ambacho picha imeshaonyesha, halafu mhusika anakisema tena kwa mdomo. Lakini alimpenda Ororo na inaonekana. Katika nambari 102 ya mwaka 1976 anatupa utoto wake: Cairo, vita vya Suez vya 1956, ndege inaangukia nyumba, wazazi wanakufa, na mtoto anabaki amefunikwa na kifusi karibu na mwili wa mamake. Ndiyo maana hadi leo hawezi kukaa mahali pa kubana. Baadaye ni mwizi wa mitaani, chini ya bwana mmoja aitwaye Achmed el-Gibar, kabla ya kutembea kwa miguu kuja kusini. Ghafla yule mungu wa kurasa chache ana hofu na vidole vyepesi vya kufungua kufuli. Mwaka 1983 ananyoa nywele zile za malaika, anabaki na kiduku na jaketi la ngozi. Mchoro ule nimeuweka kwenye simu kama picha ya mbele. Mama hajauona.

Mwaka uliofuata wanampokonya nguvu. Silaha ya serikali iliyotengenezwa na Forge, mwanamume ambaye hajui bado kwamba atampenda, inampiga katika nambari 185, na nambari 186, iliyochorwa na Barry Windsor-Smith, ni watu wawili tu kwenye nyumba, wakizungumza. Hakuna ngumi za maana. Mwanamke aliyesikia kila upepo sasa hasikii kitu. Claremont na Windsor-Smith walikuja kuiendeleza mwaka 1985, katika nambari 198, na hiyo ndiyo komiki ninayotaka uisome hata kama hutasoma nyingine maishani.

Ororo anarudi Kenya. Hana nguvu, ana jeraha, anatembea nyikani akiona vitu ambavyo havipo. Anakutana na msichana mjamzito aitwaye Shani, na hapa hatimaye kuna mtu aliyefungua kamusi, maana shani ni jambo la ajabu, lisilo la kawaida. Wanafika kijijini kwa Shani. Mtoto anazaliwa kwa shida, na Ororo, aliyewahi kusukuma vimbunga, anafanya kitu kimoja tu: anampulizia mtoto pumzi. Pumzi yake mwenyewe ya kifuani, kiasi cha kujaza mapafu ya kitoto. Kuna mzee pia, Mjnari, ambaye jina lake hakuna Mkenya anayeweza kulitamka, na ambaye anaamua kwamba wakati wake umefika ili mtoto apate nafasi. Hilo la mzee sikulipenda. Lina harufu ya mgeni anayetaka Waafrika wawe na hekima ya kufa kwa utulivu. Wazee ninaowajua mimi wangedai kwanza waone bonasi ya chai.

Lakini Ororo kwenye kurasa zile. Nitajaribu kueleza bila kujipamba.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu. Karo iliisha, na kusema kweli hamu pia ilikuwa imeisha, na moja ilimficha mwenzake. Nilirudi nyumbani na sanduku moja. Mtu aliyeenda chuo akirudi bila karatasi anakuwa kiumbe wa ajabu huku kwetu. Watu wanakusalimia vizuri kupita kiasi. Walikuchangia, fundi, mwalimu, mama wa kuuza maandazi, kila mtu alitoa kitu kwenye harambee ili ulete mvua siku moja. Sasa uko hapa, unapiga kopi vitambulisho vyao kwa shilingi kumi. Mwaka ule wa kwanza nilikuwa nikitembea njia za ndani ndani ya mashamba ili nisikutane na mtu sokoni.

Sijawahi kuona hali hiyo ikichorwa. Hadithi nyingi za mtu kurudi nyumbani huwa ama amerudi na gari, ama amerudi kwenye jeneza. Windsor-Smith anamchora mwanamke aliyekuwa kila kitu kwa watu hawa, sasa amekonda, midomo imepasuka, anaomba maji kwa wale wale waliowahi kumwomba mvua. Na hakuna anayemcheka. Wanampa kazi: shika hapa, saidia huyu msichana. Nilisoma saa tano usiku, simu ikiwa na asilimia nane, na nilizima taa kabla ya kumaliza kwa sababu nililala chumba kimoja na mdogo wangu na sikutaka aone uso wangu.

Kwa hivyo mama alikuwa na haki, stori ilikuwa haijaisha. Ilichukua miaka kumi kurudi. Ila hata hapo, na hili ndilo shtaka langu ambalo siliondoi, komiki inarudi Kenya ili Ororo apone. Akishapona anaondoka tena. Ni kweli, mwaka 1986, katika nambari 201, akiwa bado hana nguvu, anampiga Cyclops na kuchukua uongozi wa kundi zima, na nilishangilia peke yangu saibani mpaka mteja akaniuliza kama nimeshinda beti. Lakini Shani hatumwoni kwenye uongozi huo. Kijiji ni kliniki. Unaingia, unatibiwa, unatoka.

Nilipita haraka kwenye mengine. Ndoa na Black Panther mwaka 2006 ni harusi nzuri na ndoa ya kuchosha. Mwaka 2012 imeshavunjwa. Mfululizo wake wa kudumu, wenye jina lake peke yake juu, ulikuja mwaka 2014 tu, wa Greg Pak na Víctor Ibáñez. Miaka thelathini na tisa baada ya yule mwanamke wa nywele nyeupe kuinua mikono! Ulikufa baada ya matoleo 11. Toleo la kwanza ni zuri: anazuia tsunami isimeze kijiji cha pwani, halafu wenye bunduki wa nchi hiyo wanamwambia atoke, na kuna mwanafunzi mmoja shuleni kwao anayetaka kitu kimoja tu, kurudishwa nyumbani kwao Mexico. Ororo anamrudisha. Pak alikuwa amesikia swali la mama.

Oktoba 2024 ulianza mfululizo mwingine, na mwandishi ni Murewa Ayodele, Mnigeria, akichora Lucas Werneck. Nilitarajia Nairobi, au hata Kapkatet kwa bahati. Unaanza na janga la nyuklia Oklahoma. Sawa. Ni wa kasi, una rangi kama mtu amemwaga jua, na Ororo wake ana ucheshi ambao Claremont hakuwahi kumpa. Sitamdai Mnigeria mmoja atulipe madeni ya Wamarekani wa 1975. Lakini toleo moja jipya ni dola nne au tano, zaidi ya shilingi mia tano, na mama hulipwa ishirini na kitu kwa kilo ya majani mabichi kabla ya bonasi. Fanya hesabu uone ni vikapu vingapi. Ndiyo maana zinatufikia kwenye flashi, na ndiyo maana hakuna aliyewahi kutuuliza mvua ya huku ikoje.

Kama unaanza leo, usianzie 1975, utakasirika kama mimi. Anzia nambari 186, soma 198, kisha 201. Halafu rudi nyuma kwenye ule ukurasa wa kijiji, sasa ukimjua, na uangalie mikono ya watu walio chini.

Binamu amekuja jana kuchukua flashi yake. Ameuliza filamu iko wapi. Nimemwambia aje Jumatatu, bado niko 1988, na nguvu zake ndiyo kwanza zinarudi.